Karibu kwa Mkono wa Kushoto

Asubuhi ya leo mjakaranda ulio mbele ya kibanda changu
umeanza kujivua.
Hakuna aliyeutuma. Mikaratusi ng'ambo ya barabara
imevaa kijani chake kama sare ya shule,
na huu peke yake, katikati ya Septemba, hapa Nakuru,
unapukutisha vijani vidogo kama punje za wimbi
juu ya cherehani, juu ya vitambaa vya watu,
ndani ya chai yangu.

Nimeviacha humo.
Nimekunywa polepole nikivipuliza kando,
nikivihesabu: saba, nane.
Zamani ningemwaga, nikachemsha nyingine, nikakimbia.
Mwaka huu nimejiwekea ahadi moja tu:
lolote nitakalolifanya, niwepo.

Nilipokuwa darasa la sita Mwalimu Tirop alichora dunia ubaoni,
akaiinamisha kidogo,
akasema ziko nchi ambako majani yote huanguka pamoja,
na kitabu kinayaita majira hayo vuli.
Tukacheka. Vuli si mvua?
Si ile fupi, inayonyesha na kuondoka
kama mgeni aliyeacha sufuria motoni?
Nikaliandika neno daftarini,
na rula ikashuka.
Si kwa sababu ya neno. Kwa sababu ya mkono.

"Namalwa," mama aliniambia jioni, akinifunga kitambaa kiganjani,
"mkweo utampa chakula kwa huo?"
Basi nikajifunza. Kusalimu kwa kulia,
kupokea chenji kwa kulia,
mkono wa kulia wa kulia ugali,
na usiku, blanketi likinifika puani, kulia.
Neno moja, na mimi nikapewa maana zake zote.
Nikawa mtu wa kulia
anayeota kwa kushoto.

Januari hii, kwenye lundo la vyombo kuukuu pale sokoni,
Gathogo alikuwa na mkasi usiomkatia mtu.
Kila aliyeujaribu aliurudisha akisonya.
"Mbovu huu. Lete hamsini, uende nao."
Nikautia kushoto.
Ukapita kwenye khaki kama kisu kwenye papai.
Gathogo akautazama mkasi, akanitazama mimi,
akataka mia mbili.
Nikacheka, nikampa mia.
Mbovu! Miaka arobaini na saba
nimeitwa hivyo kwa majina ya adabu.

Tangu siku hiyo nimekata mashati, masuruali, gauni la bibi arusi mmoja,
na sijawahi kuusikia tena ule uchovu wa begani
niliodhani ni umri.

Saa tano mteja amesimama mlangoni, akautazama mti.
"Huu unakufa, mama. Ungeita watu waukate."
Nimemwambia haufi.
Sikumwambia habari za maua. Maua yatakuja, nayajua,
barabara nzima itakuwa zambarau, vijana watapiga picha,
na kila mtu atajidai kwamba aliupenda tangu mwanzo.
Leo si siku ya maua.
Leo ni siku ya tawi tupu,
na tawi tupu nalo lina haki ya kutazamwa.
Tumelitazama wote wawili, kimya, dakika nzima hivi.
Kisha ameulizia bei ya zipu.

Mchana upepo umeshuka kutoka Menengai na vumbi lake,
umepiga bati mara mbili, kama hodi.
Nimetoka nje na sindano mdomoni.
Nimenyoosha mkono, huu huu,
mbele ya watu wa duka la mbolea, mbele ya muuza mayai,
nikauacha wazi.

Karibu, majira usiye na jina kwetu.
Usione vibaya kwamba nakupokea na huu.
Ule mwingine niliufundishwa.

Vijani vitatu vimetua kiganjani, cha nne kimepita.
Nimevitia mfukoni mwa aproni, sijui kwa nini.
Halafu nimerudi kwenye kola ya mtoto wa Jepkemei,
inatakiwa saa kumi.