Hakimu Hakuja

Ndege ya hakimu ilizunguka juu yetu mara mbili.
Tuliisikia, hatukuiona,
kisha tufani ikairudisha kusini
na wakili, na mkalimani, na kasha la mafaili.
Miezi mitatu mingine, basi.

Kule kwao husema kukata kesi.
Neno lenyewe lina makali.
Mimi kazi yangu ni viti na birika,
kumfuata asiyetaka kuja, mlango kwa mlango,
theluji ikinifika magotini,
na kukaa karibu na anayetetemeka.
Kwenye karatasi naitwa mratibu.

Viti kumi na viwili, chumba cha redio,
mduara uliopinda kwa sababu ya jiko.
Lucassie, miaka kumi na saba,
ameketi kama mzigo ulioshushwa ukasahauliwa.
Novemba alichukua pikipiki ya theluji ya Qumaq,
usiku, bila ruhusa, akaiendesha hadi mlango wa mto
barafu ikiwa bado changa.
Yeye alitoka. Mashine haikutoka.

Qumaq akasema: "Bei mnaijua, iacheni.
Majira mazima sijala sili niliyemwinda mwenyewe.
Nimepanga foleni dukani
kununua kuku aliyesafiri kunishinda mimi."
Mtu mmoja akacheka. Yeye hakucheka.

Mama wa kijana akaanza kuomba radhi.
Tukamsihi anyamaze: radhi haina wakala.

Jiko likakohoa.
Chai ikapoa mikononi mwetu.

"Sijui kwa nini," akasema Lucassie, akiongea na buti zake.
"Taa zake ziliendelea kuwaka chini ya maji.
Nikasimama kuziangalia mpaka zikazimika.
Nilidhani na mimi nimo."

"Ziliwaka muda gani?"

"Mrefu."

"Betri niliinunua Septemba," akasema Qumaq,
kama anayemweleza mtu asiyekuwepo chumbani.

Husemwa yaliyopita si ndwele.
Hapa yaliyopita yamelala chini ya mto
na kila mtoto anajua ni wapi.

Kisha akanigeukia: "Andika, sijasamehe.
Andika pia Jumatatu aje na shoka.
Maji yangu ya chai ni barafu ya ziwani,
na bega hili halipandi tena."

Fomu ina kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana.
Niliandika pembeni, herufi ndogo,
hadi karatasi ikaisha.

Wiki ya kwanza niliwaona kupitia dirisha la ofisi,
mama mbele, kijana nyuma na sledi,
hatua thelathini kati yao.
Ripoti inataka tarehe, saa, sahihi.
Haina mahali pa kuweka hili:
jana nilihesabu hatua tisa,
halafu Qumaq akasimama, akageuka,
akamwonyesha kitu kwenye barafu
kwa ncha ya buti.