Kokoto za Darasa la Tano

Wiki ya kwanza nilileta karanga.
Nikasema: weka moja pale maana ilipokuponyoka.
Kufika aya ya pili karanga zimekwisha,
na darasa zima limeelewa kila kitu.

Wiki ya pili nikaleta kokoto,
nimeziokota kwa mafundi wa barabara ya Koboko,
nyingine lami bado imezigandia.

Afeku husoma kama pikipiki kwenye lami mpya:
hana shimo, hana breki,
nukta anazipaa kama matuta.
Wenzake wakapiga makofi.
Amefika mwisho, vumbi halijatua.
"Afeku, mbuzi wa yule mama alikwenda wapi?"
"Mbuzi gani, madam?"

Candiru husoma kama anayechagua mchele,
kidole kikitangulia jicho;
akikuta chenga, anasimama nayo.
Kokoto saba, ukurasa mmoja.
Alizifunika kwa kiganja, kwa haya.
Nikainama sikioni pake:
hizo ni mara saba ulizojishika ukipotea.
Mimi kwa umri wako sikujishika hata mara moja.

Sikilizeni, niliwaambia,
kuna sauti inayosoma
na kuna sikio linalokaa nyuma ya sauti.
Sikio likisinzia, sauti haisemi,
itatamka tu mpaka jalada.
Kwa hiyo liulize: umesikia nini?
Likigugumia, rudi sentensi moja.
Isome kama unamsomea bibi yako.
Igeuze Kilugbara, bibi akiwa hajasoma.
Ikikataa bado, acha kokoto hapo, songa mbele;
kuna maneno ambayo jibu lake
limekaa mistari miwili chini, linakungoja.

Sikuwaambia nilikojifunza.
Fomu ya mkopo, kurasa nne,
niliisoma kwa sauti mbele ya ofisa,
kila silabi mahali pake.
"Mwalimu, wewe unasoma!" akanisifu.
Nikatia saini.
Neno "dhamana" lilipita mdomoni mwangu
kama mgeni asiyeulizwa jina.
Mwezi wa nane likarudi na watu wawili na futi kamba,
wakalipima shamba la ufuta la marehemu baba.

Ijumaa, zamu ya Afeku.
Alianza kwa mwendo wake ule ule, kisha,
katikati ya sentensi, kimya.
Onzima akacheka. Dawati likalia.
Afeku akarudi kwenye nukta,
midomo ikicheza bila sauti,
akarudi tena,
akatia mkono kwenye mfuko wa kaptura
na kuweka kokoto moja, taratibu,
juu ya neno "ingawa".

"Hapa, madam. Hapa nilikuwa ninasoma,
lakini mimi mwenyewe sikuwapo."

Kengele ya chakula ikagonga, ile rimu ya gari
inayosikika mpaka sokoni.
Hakuna aliyeinuka.
"Kaa hapo hapo kwanza," nikamwambia,
nikavuta kiti.