Chini ya Nyekundu

Gari nililikuta limelala kwenye banda la kuku
nje kidogo ya Fossano, tairi zote nne chini,
na kuku mmoja mweupe kwenye kiti cha dereva
akinitazama kama karani wa benki.
Mwenye banda akasema: Lancia, ya mwaka sitini na saba.
Lichukue na kuku wake, kama unaona haya kumwamsha.

Mimi ni fundi wa meno bandia, nimestaafu.
Miaka thelathini na minane nimechonga magego ya watu
ambao sikuwahi kuwaona wakicheka.
Vidole vyangu hupapasa kasoro nyembamba kuliko unywele,
ila havikujua uzito wa giaboksi
mpaka ilipoviangukia,
nikatamka maneno ambayo marehemu mama
aliiwekea serikali tu.

Kutu haina haraka.
Unaona kitundu, punje ya mtama,
unakigusa kwa bisibisi, bisibisi inazama hadi mpini.
Sakafu yote biskuti.
Nikakata, nikachomelea, nikakata nilichochomelea.
Msimu wa kwanza wa theluji nilimaliza mlango mmoja.
Wa pili niliuvunja mlango uleule nikaurudia,
maana mwanga wa Machi si mwanga wa Desemba,
na Machi haimstahi mtu.

Juu ya gereji anakaa Bi Ersilia Quaglia,
anayegonga sakafu kwa mpini wa ufagio
kila nikiwasha mashine ya msasa baada ya saa mbili usiku.
Tumejuana hivyo:
yeye kwa ufagio, mimi kwa kunyamaza.

Sasa rangi.
Nje lilikuwa jekundu, jekundu la kujionyesha,
la kijana anayetaka atazamwe kwenye mataa.
Msasa laini, maji, na Jumapili nyingi:
chini ya nyekundu kikachungulia kijivu,
chini ya kijivu, buluu,
buluu ya wino kwenye daftari lililosahauliwa dirishani.

Nikamwandikia mjane wa mwenye gari;
anwani ilikuwa ndani ya kijitabu kilicholowa grisi.
Je, buluu hii ndiyo ya kiwandani?
Akajibu kwa mwandiko uliolalia upande:
"Bwana Tealdi, lilikuwa buluu nilipomkubali.
Alilipaka nyekundu wiki niliyoondoka.
Nilirudi baada ya miezi kumi na mmoja.
Hakulipaka tena, wala sikumwomba.
Wewe fanya upendavyo."

Siku tisa sikushika spana.
Wenzangu wa baa, wanaojua namba ya kila bolti,
wakasema kwa sauti moja: buluu, ndiyo halisi.
Halisi!
Kana kwamba miezi ile kumi na mmoja
ilikuwa kosa la kiwanda.

Nimelipaka buluu, nakiri.
Lakini ndani ya kifuniko cha tenki,
mahali pa upana wa sarafu,
nimeiacha nyekundu. Sikuigusa hata kwa kitambaa.
Atakayejaza mafuta ataiona.

Injini ilishika Jumanne, saa tatu kasoro usiku.
Ilikohoa mara mbili, kama mtu anayetaka kusema jambo kanisani,
kisha ikasema.
Moshi. Spana zikacheza zenyewe ukutani.
Nikazima, nikasubiri ufagio.
Ufagio haukugonga.
Nikasikia kandambili ngazini,
Bi Ersilia akaingia, koti juu ya nguo ya kulalia,
vikombe viwili vya kahawa mkononi,
akaketi kiti cha abiria, ambacho bado ni springi tupu,
akavuta mlango, ule niliourudia,
ukaitika tik,
kama jino lililopata mahali pake.

"Twende," akasema.
"Halina breki," nikasema.
Akanipa kikombe.
"Basi tukae."