Dondora Katika Bomba

Baridi ya Molo haina adabu.
Inaingia bila hodi, inajilaza kitandani,
inakuhesabia umri kwenye magoti.
Saa kumi na moja alfajiri. Trela letu limeegeshwa
nyuma ya ghala la viazi, turubai limekakamaa kwa umande,
na mama, Kobilo wa Chesire, miaka themanini na minane,
amejifunga mablanketi matatu
kama gunia lililoshonwa mdomo.

"Si ulisema maji ya moto yako ukutani?"

Nilisema.
Nilisema mbele ya ndugu zangu wote, Kabarnet,
siku niliyomwaga pensheni
kwenye nyumba ya bati yenye magurudumu mawili,
wakacheka mpaka chai ikawapalia.
Mimi, mwalimu wa fizikia miaka thelathini na mmoja,
niliyechora saketi ubaoni hadi chaki ikaniingia ndotoni,
nashindwa na kisanduku kisichozidi debe.

Nabonyeza. Tik, tik, tik, tik. Kimya.
Taa nyekundu inanikonyeza
kama mtoro aliyerudi darasani.

Haya, tuanze mwanzo.
Mtungi: nautikisa, umeshiba.
Mpira wa gesi: naupaka povu la sabuni,
hakuna kiputo hata kimoja.
Betri: volti kumi na mbili nukta nne, si haba kwa uzee wake.
Fyuzi nzima. Pampu inanguruma,
na mfereji unatoa maji
baridi kama barua ya benki.

Nampigia Otwoma, fundi wa Shabab, pale Nakuru,
ndiye aliyeufunga mtambo, ndiye aliyekula hela.
Anapiga miayo. "Mwalimu, angalia valvu ya nyuma.
Kuna mkono mdogo wa manjano. Umelala au umesimama?"
Umelala.
"Basi maji yanapita kando, hayaingii tangini.
Usimamishe, halafu uhakikishe kwamba—"
Hapo kredito ikaisha.

Nikausimamisha.
Nikasikia tangi likinywa, gugu gugu,
kumbe siku tatu maji yamekuwa yakiuambaa mlango wake
kama mtu anayedaiwa.

Lakini moto, wapi. Tik, tik, tik.

"Zima hiyo takataka niwashe kuni."
"Kuni gani, mama? Zote zimelowa."
"Zangu hazikuwahi kuuliza volti."

Natoka nje, tochi mdomoni, bisibisi mkononi,
nafungua kifuniko cha ubavuni.
Skurubu nne. Moja inaangukia nyasini
na hadi leo iko Molo.
Ndani ya bomba, pale gesi na hewa
hukutana kabla ya kushika moto,
kuna udongo.
Udongo mwekundu, laini, uliofinyangwa,
wenye chumba, na chumba, na chumba.

Dondora.
Alijenga wiki ile tuliyokaa Marigat,
joto lilipokuwa joto na hatukumkumbuka mtu wa kuchemsha.
Alitafuta mahali pakavu pa kulelea,
akaona hapa panafaa. Simlaumu.
Hata mimi niliona hapa panafaa.

Nakwangua kwa waya wa hanga, polepole.
Chumba cha mwisho: buibui watatu wakavu,
akiba ya mtoto ambaye hakufika.
Napuliza. Vumbi lote linanirudia machoni.

Tik, tik—
fuuu.

Moto wa buluu, ncha zake manjano kidogo,
maana huku juu hewa ni nyembamba;
kidato cha tatu ningewaeleza, na mchoro juu yake.
Sasa nimekaa tu kwenye umande, sketi imelowa,
nautazama.

Dakika ishirini. Mama anagoma kuingia bafuni.
"Siwezi kuoga nimesimama kabatini."
Basi nakinga maji kwenye karai, mvuke unapanda,
navua soksi zake, mbili mguu huu, tatu ule.
Ananizuia. Anakunja mkono wa sweta,
anachovya kiwiko,
vile wanavyopima maji ya mtoto mchanga,
na kiwiko hakina haraka.
Ananitazama.

"Yamezidi," anasema. "Ongeza baridi."