Chupa ya Saba

Maji niliyateka Tudor, bamvua likiwa limejaa,
nikayachuja kwa leso kuukuu ya mama,
kisha kwa karatasi, kisha kwa subira.
Kilichobaki ni tone la uchafu,
angesema mpita njia.
Chini ya hadubini tone lile lina mji.
Wakazi wake hawana mizizi wala majani,
kila mmoja ana vijimkia viwili,
na kazi yao ni moja tangu dunia changa:
kula jua.

Nimewafuga katika chupa za maji ya kunywa,
kumi na mbili, juu ya rafu ya jikoni,
pampu ya hodhi la samaki ikiwapumulia.
Kakangu Msellem hupita akicheka:
"Barke, siku hizi wafuga koga?"

Mama hacheki.
Magharibi ikiadhiniwa, mato yake
hufunga duka kabla ya wenye maduka.
Vyombo huvijua kwa kuvigusa,
chupa zangu kwa kuzisikiza.

Stima ilipotea wiki nzima.
Iliporudi, mama akaita toka ukumbini:
"Ya saba imenyamaa. Nyengine zote zaongea."
Nilikuwa nimeisahau dirishani, wazi.
Jua limeinywa hadi nusu,
mrija waning'inia hewani,
chumvi imeganda shingoni.
Nikaishika nikaimwage.

Haikuwa kijani tena.
Ilikuwa rangi ya kiini cha yai
la kuku asiyejua chakula cha gunia.

Maana kiumbe yule, chumvi ikimbana,
mwanga ukimchoma, haombi kivuli kwa mtu;
hujishonea mwavuli ndani ya ngozi yake,
karotini, matone ya mafuta mekundu,
ndiyo ile ya karoti na boga,
ambayo mwili huigeuza vitamini
na jicho likaitumia kuonea gizani.

"Basi itanifungua mato?"

Ulimi ukawa mzito.
Kuna giza la lishe, mama,
na kuna giza la mshipa uliochoka.
Lako, daktari wa Makadara hajalitaja jina.
Na maji ya Tudor hubeba pia ya mitaro.
"Sijui," nikasema. "Kwanza ipimwe."

Kidole kilikwisha kuzama.
Akalamba, akakunja uso:
"Kali! Kama machozi ya mwenye deni."
Akanirudishia chupa, mikono miwili.
"Usiimwage."

Usiku ule, daftarini, safu ya maoni:
Ya saba. Nyekundu.
Imeonjwa.