Robo

Kompyuta kumi na moja, saba ndizo zinazowaka.
Kengele imeshalia Makorora, nimebaki maabara
natengeneza somo la urithi kwa Kidato cha Nne.
Kitabu kina njegere za ughaibuni.
Mimi nimeweka kuku wa kishingo
niliowapiga picha uani kwa Bi Mwanshamba,
Barabara ya Kumi na Tano,
akinidai pishi ya mtama kwa usumbufu.

Jogoo kishingo, tetea kishingo,
vifaranga wanne katika vyumba vinne:
watatu shingo wazi, mmoja na manyoya yake.
Ukurasa wa pili, selimundu.
Baba mbebaji, mama mbebaji,
nyuso nne za watoto. Mmoja nikampaka kijivu.
Nikaona nimemaliza.

Ijumaa Singano Mhina hakungoja kuitwa.
"Mwalimu, kwetu tumezaliwa wanne.
Chausiku alikwenda, akafuata Mbelwa.
Sasa mama ana mimba.
Shangazi anasema robo yetu tumeshalipa, na ziada.
Jedwali lako nalo linasema hivyo?"

Darasa zima likasikiliza feni.

Robo tunaijua. Kadhi akigawa minazi
kila mrithi hutwaa fungu lake,
na fungu likitwaliwa limekwisha.
Lakini damu haina kadhi.
Kila mimba karata huchanganywa upya,
wala hazikumbuki nani kaondoka.
Haya nilipaswa kuyasema palepale.
Nilisema, "Tutaendelea Jumatatu."

Usiku nikazifuta nyuso nne.
Nikabakiza chumba kimoja, kitufe kimoja.
Mistari sita ya msimbo, saa tano za kuiandika,
umeme umekatika mara mbili.

Jumatatu akabonyeza.
Mzima. Mbebaji. Mgonjwa. Mgonjwa. Mbebaji.
Wenzake wakatoka kwenda kula mihogo,
yeye anabonyeza, anachora vijiti daftarini,
mpaka vikatimia mia.
Wagonjwa ishirini na saba.
"Inaikaribia robo," akasema, "ila haiahidi."

Sentensi ile nikaiweka chini ya kitufe,
na jina lake pembeni, herufi ndogo.
Kuku nao wamebaki, Bi Mwanshamba ameshalipwa.

"Mama hajawahi kugusa kompyuta," akasema.
"Nimwambieje?"

Kwa hilo sikuwa na ukurasa.
Nikafunga maabara, nikatoa baiskeli,
akapanda nyuma na daftari lake la vijiti.
Tukapitia Bombo kwanza, kuuliza siku ya vipimo.