Dishi la Kadutu

Bisimwa yuko juu ya mabati,
analipeta dishi kama ungo wa mchele.
"Inaonekana?" "Bado."
Mara mwanamke mwenye koti jekundu,
maandishi yakitembea kutoka kulia.
"Kiebrania," asema katekista, "lugha ya Musa."
Tukanyamaza kama kanisani.

Likaja tangazo la sabuni.
La benki. La sabuni tena.
Nabintu akacheka: kumbe Musa naye anauziwa povu!
Kwetu pia, habari za Ruzizi
husubiri bia ijae kwenye glasi.

Yule mwanamke akarudi, koti lilelile,
sauti imeshuka. Neno hatukulijua;
tulijua kuna waliofiwa,
na kwamba wamepewa dakika moja.

Umeme ukakatika.
Juu ya mabati Bisimwa bado anauliza:
"Inaonekana?"